Alama za Agosti

Nilimpiga Garrick Oltmann Jumanne, saa kumi jioni, mbele ya wenzetu themanini waliokuwa wakipiga makofi. Nilimpiga vizuri. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba lilikuwa pigo safi, la aina ambayo kocha huirudisha mara tatu kwenye video na kusema, "Tazameni miguu yake."

Ilikuwa wiki ya kucheza na Ostrander, chuo hasimu wetu katika mpira wa Kimarekani, na wiki ya Ostrander huwa tuna Uchochoro. Magunia manne ya mazoezi hulazwa kwenye nyasi, mawili kulia na mawili kushoto, katikati ikabaki njia yenye upana wa kitanda. Watu wawili huingia, mmoja huku na mmoja kule. Filimbi inalia, na anayebaki amesimama ndiye mshindi. Chuo kimeshaupiga marufuku mchezo huo, kwa hiyo siku hiyo Kocha Dorn hutupa mgongo, hushika simu sikioni na kujifanya anazungumza na mkewe, na filimbi hupulizwa na nahodha. Ardhi ya Iowa mwezi wa Novemba ni sakafu ya saruji iliyotandikwa zulia.

"Brekke!" Garrick aliniita kutoka upande wa pili. "Umeandika wosia?"

"Nimekuachia soksi zangu."

"Soksi zako zilikufa kabla yako, bwana."

Filimbi ikalia. Nilishuka chini, nikasukuma kwa miguu, na paji la kofia yangu ngumu likampata chini ya kidevu. Kichwa chake kikaruka nyuma. Alitua kwa mgongo kwanza, halafu kisogo. Nilisikia sauti mbili, ya juu ya plastiki kugonga ardhi, na nyingine chini yake, nzito, kama tikiti maji lililobwagwa sakafuni.

Wenzetu walipiga mayowe ya furaha. Garrick akainuka, akacheka, akaenda kusimama kwenye foleni isiyo yake.

Miaka minne tuliishi chumba kimoja. Yeye alikuwa nahodha na mlinzi wa kati, mtu wa kuwaangusha wakimbiaji. Mimi ni mtoa mpira, yule anayeinama katikati ya mstari na kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha anapigwa usoni kwa kazi hiyo. Chuo chetu, Brandvold, kina wanafunzi mia tisa, na hakimlipii mtu karo kwa sababu anajua kuangusha watu. Hakuna mtafuta vipaji aliyewahi kuegesha gari uwanjani kwetu. Tulicheza kwa sababu tulipenda, na baada ya mechi ya Ostrander sisi wa mwaka wa nne tungevua kofia na basi. Mpira wa kikapu utaucheza hata ukiwa na kitambi, wewe na shemeji zako. Huu wetu ukiisha umeisha. Garrick alilijua hilo kuliko sisi sote. Mei angerudi kwenye nguruwe wa baba yake, na maisha yake yote yaliyobaki hakuna mtu ambaye angesimama kumshangilia.

Jumatano asubuhi, kwenye ukumbi wa chakula, alikuja amevaa miwani ya jua. Akaketi, akamimina juisi ya machungwa kwenye bakuli la nafaka, akala.

"Unaumwa kichwa?" nikamwuliza.

"Naumwa na maswali yako."

"Garrick."

"Nipitishie chumvi, Tucker."

Tucker ni mbwa wa kwao. Nilimtazama. Naye alijua kwamba amekosea, lakini hakujua amekosea wapi. Akaweka kijiko chini.

"Jumamosi tu, ndugu yangu," akasema polepole. "Dakika sitini. Nikimaliza, nilaze mwezi mzima kama unataka. Nifunge kamba. Lakini Jumamosi usininyang'anye."

Nikampitishia chumvi. Nilijiambia kwamba Bi. Marlys ataona mwenyewe. Bi. Marlys Quade ndiye tabibu wa timu yetu kwa miaka kumi na tisa, mama mwenye vidole vinene vya kufunga vifundo vya miguu na macho yasiyopitwa na mtu anayechechemea. Na kweli alikuwa ameona. Jumatano mchana alimwita Garrick ofisini, akampa mtihani wa ubongo, na baada ya nusu saa akamruhusu.

"Sawasawa na Agosti," alisema. "Hata umepita kidogo."

Hapa lazima niseme tulichokuwa tukifanya.

Kila Agosti, kabla hatujagusa mpira, Bi. Marlys hutukalisha kwenye chumba cha kompyuta. Kuna maneno ya kukumbuka, maumbo ya kulinganisha, kitufe cha kubonyeza haraka rangi inapobadilika, miezi ya mwaka ya kutaja kinyumenyume. Alama unazopata ndizo kipimo chako ukiwa mzima. Ukigongwa kichwa unaurudia mtihani, na ukianguka chini ya kipimo unakaa nje. Na kila Agosti, usiku kabla ya mtihani, wakubwa huwaita wapya na kuwafundisha. Fanya kama mlevi. Sahau maneno. Chelewa kubonyeza. Ukijiandikisha mjinga ukiwa mzima, hakuna atakayekutambua ukiwa mgonjwa. Tuliiona ni huruma, kaka kumfungulia mdogo wake mlango wa nyuma. Mimi na Garrick tulifundishwa tukiwa na miaka kumi na minane. Agosti iliyopita mwalimu nilikuwa mimi, nimesimama mbele ya wapya ishirini na saba, nao wakicheka mpaka machozi nilipoigiza mtu aliyesahau mwezi wa Juni.

Alhamisi nilikwenda hadi mlangoni kwa Bi. Marlys. Alikuwa amepiga magoti akimfunga mtu kifundo cha mguu.

"Nini, mwanangu?"

"Naomba plasta," nikasema.

Akanipa plasta.

*

Jumamosi mchana, saa saba, baridi kali, bendi ikipiga, wazazi wakichoma soseji nyuma ya malori yao. Mbele yangu alisimama mtu wa Ostrander mwenye namba sabini na nne kifuani, mpana kama mlango wa ghala, ndevu zimeganda umande.

"Habari za mchana, mrembo," akasema tulipoinama mara ya kwanza. "Mama yako anajua uko na mimi?"

"Ndiye aliyenipa nauli."

"Basi hakukupa ya kurudi."

Nikautoa mpira, na kiganja chake kikaniingia chini ya koo. Ndivyo tulivyoanza. Kwa robo nzima ya mechi tulipigana vile, kila baada ya nusu dakika, kifua kwa kifua, kucha ndani ya shingo. Alinikanyaga mkono kwa viatu vya njumu. Nami nilimpiga goti la tumbo chini ya rundo la watu, pale ambapo refa haoni, nikasikia pumzi zikimtoka. Kidole changu cha pete kilitoka kwenye kiungo na kusimama upande. Nilikwenda pembeni, Bi. Marlys akakivuta huku akiniuliza nimekula nini asubuhi, nikarudi.

Tulipokuwa nje sisi wa kushambulia, waliingia walinzi wetu, na Garrick mbele yao. Sijawahi kuona mtu akicheza vile. Kama angekuwa mzima angejihurumia kidogo. Alimkuta mkimbiaji wao wa kwanza hewani na kumrudisha yadi nne nyuma. Kijana yule alitolewa mkono ukining'inia kama mkono wa koti. Watu elfu mbili wakaimba, "Ol-ti! Ol-ti!" Akaja wa pili, Garrick akamwingia kwa kichwa, na wote wawili wakalala. Yule wa Ostrander aliamka kwanza. Garrick aliamka kwa vipande, goti, mkono, goti jingine, halafu akasimama akiitazama ardhi kana kwamba ndiyo iliyompiga.

Wakati wa mapumziko nilimkuta bafuni, ameinamia tundu la maji.

"Umetapika."

"Soseji ya mama yako."

"Mama yangu hajaja leo."

Akajifuta mdomo, akanikonyeza. Jicho moja lilijifumba, na jingine likafuata taratibu, kama mtu mvivu anayefuata amri. Nilitaka kusema. Kocha akaingia akipiga makabati ngumi, na sote tukapiga kelele.

Robo ya tatu ilikuwa karibu kwisha, sisi tukiongoza ishirini kwa kumi na saba, walipotupigia mpira mbali na kutuachia zamu ya kushambulia. Wakati huo watu ishirini na wawili hukimbia kila upande, wengine wakitoka, wengine wakiingia. Mimi niliingia. Nikainama juu ya mpira. Sabini na Nne akainama mbele yangu, damu ikimchuruzika puani, nikasubiri tusi.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Hamsini na mbili wenu."

Hiyo ni namba ya Garrick. "Amewachosha?"

"Sikiliza, wewe. Amekuja kukaa kwenye benchi letu. Amekunywa maji yetu. Kaniuliza kama nimemwona Tucker." Akatema damu pembeni. "Tucker ni nani?"

"Mbwa wake."

"Basi mtoeni, bwana! Mimi nimekuja kupiga watu. Sikuja kuzika mtu."

Nikautoa mpira. Akanipitia juu, akamwangusha mrusha mpira wetu, na mimi nilibaki chali nikiangalia mawingu. Baada ya majaribio mawili zaidi ya kusonga mbele tuliupiga mpira kwao, nikakimbia pembeni huku nikivua kofia.

Watu wa Ostrander walikuwa wameshamrudisha Garrick kwetu, na Bi. Marlys alikuwa amemsimamisha mbele yake, ameshika kofia yake.

"Ulifuata nini kule?"

"Kuwasalimia."

"Tunacheza na nani?"

"Ostrander."

"Robo ya ngapi?"

Garrick alitazama juu ya bega la Bi. Marlys, kwenye ubao wa matokeo. "Ya tatu inaisha. Ishirini kwa kumi na saba."

"Nipe miezi kinyumenyume."

"Desemba. Novemba. Oktoba. Septemba." Akakwama. Midomo ilisogea, hakuna kilichotoka. "Septemba..."

Bi. Marlys alichungulia karatasi yake, akatikisa kichwa akitabasamu. "Hata Agosti uliishia hapo hapo. Mwanangu, wewe na kalenda hampatani." Akamnyooshea kofia.

Niliiona ile kofia ikienda mkononi mwake. Nikajua hakuna macho, hakuna mtihani, hakuna mtu mwingine kati ya kofia ile na kichwa kile isipokuwa mimi.

"Bi. Marlys. Alama zake za Agosti ni za uongo."

Akageuka. "Unasemaje?"

"Alifeli makusudi. Sote tulifeli makusudi. Mimi ndiye niliyewafundisha wapya. Jumanne nilimpiga kichwani, na tangu Jumatano hajui jina langu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Tangu lini mnafanya hivi?"

"Tulifundishwa na waliotutangulia. Nao walifundishwa."

Midomo yake ilianza kusogea bila sauti, na nilielewa kwamba anapitia majina. Vijana wa miaka yake yote kumi na tisa ya kazi, wote aliowaambia sawasawa na Agosti, na kuwarudisha uwanjani kwa mkono wake. Kisha akaivuta kofia kutoka kwa Garrick, akampa dereva wa gari la wagonjwa lililokuwa pembeni. "Ifungie ndani ya gari."

Kocha Dorn alikuwa ameshafika. "Marlys, imebaki robo moja!"

"Kwake haijabaki hata dakika."

"Nani kasema?"

"Mimi," nikasema.

Garrick alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne macho yake yote mawili yalisimama mahali pamoja.

"Brekke. Sema umetania."

"Sijatania."

"Sema!"

"Umemwuliza mtu wa Ostrander habari za Tucker, kaka."

Ngumi ya kwanza ilinivunja pua. Nilisikia ikivunjika ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu. Ya pili ilinipata sikioni. Kisha akaniacha na kuanza kukimbia kuelekea uwanjani, bila kofia, kichwa wazi, nywele zimelowa jasho, kuelekea kwa watu wenye kilo mia na thelathini. Nilimrukia kiunoni kwa nyuma. Tukiwa hewani nilijipindua ili nitue chini yake. Nikamshika kisogo kwa kiganja, nikakibana kichwa chake kifuani pangu na kufunga miguu yangu juu ya miguu yake. Alinipiga viwiko vya mbavu. Aliniuma mkono mpaka damu ikatoka. Sikuachia.

"Ni yangu," alikuwa akisema mdomo ukiwa juu ya ngozi yangu. "Niachie. Ni Jumamosi yangu. Ni yangu hii."

"Najua."

"Niachie, Tucker."

Mtu alinipiga teke la mgongo. Mwingine akanivuta nywele. "Mwache nahodha, msaliti wewe!" Walikuwa wenzetu. Walinivuta mimi, hawakumvuta yeye, mpaka Bi. Marlys na dereva walipompokea na kumpandisha garini, naye akilia kwa sauti kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

Refa hamruhusu mtu anayetoka damu. Niliziba pua kwa pamba, nikageuza fulana, nikarudi. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kutoa mpira.

Jaribio la kwanza, jirani yangu wa kushoto, Stroud, niliyemsaidia kupita somo la takwimu, alisogea hatua moja pembeni na kufungua njia kama mlinzi wa geti. Watu wawili wa Ostrander waliniangukia pamoja.

"Samahani," Stroud akasema akinitazama nikiwa chini. "Nimeteleza."

Akateleza mara nne. Mara ya nne Sabini na Nne ndiye aliyeninyanyua, akanishika fulana kifuani.

"Hawa wenzako wanakufungulia mlango."

"Najua."

"Umemtoa yule?"

"Nimemtoa."

Akaitikia kwa kichwa mara moja. Tulipoinama tena akanipiga vilevile, kwa nguvu zilezile, chini ya kidevu, na nilimshukuru moyoni. Ndiye mtu pekee uwanjani ambaye bado alikuwa akicheza na mimi.

Ostrander walipata njia pale pale ambapo Garrick angesimama. Mkimbiaji wao alipita katikati bila kuguswa, yadi thelathini na moja, zikiwa zimebaki dakika mbili. Ishirini na nne kwa ishirini. Filimbi ya mwisho ilipolia, wa mwaka wa nne walishikana mabega katikati ya uwanja na kulia. Nilisimama hatua kumi kutoka kwao. Nilivua kofia mwenyewe.

*

Picha ya hospitali haikuonyesha damu kichwani. Wenzangu walilipenda sana jibu hilo. Stroud alinitumia ujumbe wa maneno mawili, Kichwa safi, na baada yake wakaja kumi na watano wakituma hayohayo. Jumatatu Bi. Marlys aliwakalisha wote upya kwenye kompyuta, na kabla hajawasha mashine, wapya tisa walisimama mmoja mmoja wakasema walidanganya. Alinieleza hilo huku akinisafisha pua. Hakunisifu, na hakunisamehe. Alisema tu, "Tisa," kisha akabadilisha pamba.

Kwenye ukumbi wa chakula nilikula peke yangu hadi muhula ulipofungwa.

Katikati ya Desemba niliendesha gari hadi kwa wazazi wake Garrick. Mama yake alifungua mlango, akanishika kidevu, akaigeuza pua yangu kwenye mwanga.

"Mwanangu ndiye aliyefanya hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko sebuleni. Usiwashe taa, na sema polepole."

Alikuwa kwenye kochi, mapazia yamefungwa, blanketi hadi kifuani. Amepungua. Nilikaa kwenye kiti cha karibu na miguu yake na kuweka mikono magotini, tayari kwa chochote. Kama angenipiga tena nisingejikinga.

"Brekke," akasema.

Nilifurahi kusikia jina langu.

"Wote wamekuja," akasema. "Stroud, Kocha, wote. Wote wananiambia nikuchukie. Wanasema ulininyang'anya mechi." Alikunja uso, akitafuta. "Mimi nakumbuka Jumanne tulikula maharage. Baada ya hapo nimeamka hospitali. Hakuna kitu katikati. Najaribu kukuchukia, lakini sikumbuki nilichonyang'anywa."

"Ulicheza robo tatu."

"Nilicheza vizuri?"

"Hakuna mtu aliyewahi kucheza vile."

Alifumba macho. "Niambie basi. Lakini usinidanganye, wewe. Niambie hata yale ya aibu."

Nikamwambia. Nilianza na Uchochoro, nikasema ni mimi niliyempiga na jinsi kisogo kilivyolia. Nikamwambia kuhusu plasta niliyoomba badala ya kusema ukweli. Nikamwambia kuhusu mkimbiaji aliyerudishwa yadi nne na mkono uliokuwa ukining'inia, watu elfu mbili wakiimba jina lake. Alitabasamu gizani. Nikamwambia kuhusu bafu, na benchi la Ostrander, na kofia iliyofungiwa garini, na ngumi mbili, na meno yake mkononi mwangu. Nilikunja mkono wa sweta nimwonyeshe. Alama zilikuwa bado pale, nusu duara, za zambarau.

Alizigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Ningemaliza ile mechi?" akauliza.

"Labda."

"Labda nisingemaliza."

"Labda."

Kidole chake kilibaki kwenye mkono wangu. Jikoni mama yake alifungua bomba la maji, akalifunga. Nilidhani amelala. Kisha nikaona kwamba uso wake umekunjamana tena, ule mkunjo wa mtu anayetafuta mlango kwenye chumba chenye giza, na alikuwa anaona haya.

"Brekke, usikasirike."

"Sikasiriki."

"Nimepotelea mahali. Yule mkimbiaji wa kwanza, halafu sijui." Akavuta blanketi juu. "Anza tena. Nenda polepole."

Nikasogeza kiti karibu zaidi, nikaanza tena tangu mwanzo.